Mizizi ya Kigiriki na Kilatini, orodha ya maneno, au kusoma kwa wingi: njia ipi ikukuzie msamiati wa Kiingereza?

Fungua kitabu cha Jiografia cha sekondari kwenye mada ya hali ya hewa, sehemu inayoeleza kwa nini Dodoma na Singida ni maeneo nusu kame. Hutasoma aya nyingi kabla ya kukutana na neno "evapotranspiration". Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza ambako karibu kila somo linafundishwa kwa Kiingereza, ana njia tatu za kulikabili. Atalikariri pamoja na tafsiri yake, au atalichambua vipande vipande, au ataendelea kusoma mpaka maana ijitokeze yenyewe.

Njia zote tatu zinafanya kazi, lakini si kwa mtu yule yule wala wakati ule ule. Makosa mengi hutokana na kuishika njia nzuri mapema mno, au kung'ang'ania iliyokwisha kazi yake.

Neno moja, njia tatu

Anayekariri ana herufi 18 za kubeba kichwani. Akilirudia mara za kutosha atalijua, ila juhudi hiyo yote imemnunulia neno moja tu. Kesho akikutana na "respiration" kwenye Baiolojia ataanza upya.

Anayechambua anaona hivi: "e-" ni umbo fupi la "ex-", yaani nje. "Vapor" ni mvuke. "Trans-" ni kuvuka au kupitia. "Spir" ni kupumua. "-ation" hugeuza kitenzi kuwa jina la tendo. Ukiviunganisha unapata maji yanayotoka kama mvuke ardhini, pamoja na yale ambayo mimea inayapumua kupitia majani. Ndiyo maana yenyewe. Na "spir" aliyoipata hapo inamfungulia "respiration", inamfungulia "perspiration" ambayo ni jasho, na hata "expire" iliyoandikwa kwenye boksi la dawa: pumzi imetoka nje, dawa imekata roho.

Anayesoma kwa wingi anaona kwamba sentensi inasema mvua ni kidogo na hicho kitu kingine ni kikubwa kuliko mvua, hivyo udongo unakauka. Anakisia ni namna maji yanavyopotea. Amekaribia sana. Akiulizwa kwenye mtihani atoe fasili kamili, kukaribia hakumtoshi.

Orodha ya maneno: inafaa wapi, inakwamia wapi

Kukariri kunabezwa kuliko inavyostahili. Maneno ya kila siku ya Kiingereza, kama "water", "eat", "house", "give", "fast", asili yake si Kilatini wala Kigiriki, na hakuna mzizi wa kuchimba utakaokusaidia. Hayo unayakariri tu. Vivyo hivyo vitenzi vya maneno mawili kama "give up" au "put off". Mtu anayetafuta mizizi kabla hajajua maneno 1,500 hadi 2,000 ya kawaida anaezeka nyumba isiyo na kuta, kwa sababu hata maelezo ya mzizi wenyewe yameandikwa kwa maneno hayo ya kawaida.

Kiwango kinachobebeka ni maneno 10 kwa siku, siku 6 kwa wiki, siku ya 7 ya marudio. Maneno 2,000 yatachukua wiki 34 hivi, kama mwaka mmoja wa shule ukiondoa likizo. Wanaojipangia 50 kwa siku kwenye masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza huishia njiani, kwa sababu kinachowashinda si kujifunza, ni kurudia. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionesha mwaka 1885 kwamba kusahau huenda kwa kasi zaidi mwanzoni, kisha hupungua. Kwa hiyo rudia baada ya siku 1, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 30. Neno lisilorudiwa ndani ya siku 3 za kwanza mara nyingi utalikuta limegeuka geni.

Kuna kasoro mbili za orodha zinazoharibu kazi kimyakimya. Ya kwanza ni kuandika tafsiri moja kwa kila neno. "Table" likiandikwa "meza" tu, mwanafunzi atakwama kwenye "table of values" ya Hisabati, na atakwama zaidi kwenye "water table", yaani kina cha maji yaliyo chini ya ardhi, jambo ambalo mkazi wa Dodoma anayetegemea visima vya bonde la Makutupora anapaswa kulielewa kabla ya wengine. Ya pili ni kupanga orodha kwa alfabeti. Hapo "adapt" na "adopt" yanakaa karibu na kuchanganyana. Panga kwa mada.

Mizizi: kwa nini anayejua Kiswahili ana mtaji tayari

Zaidi ya nusu ya maneno yaliyomo kwenye kamusi ya Kiingereza yana asili ya Kilatini au Kigiriki, ama moja kwa moja ama kupitia Kifaransa. Kwenye sayansi, sheria na utabibu sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Hilo linajulikana. Ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba kuchambua neno ni kazi ambayo mwanafunzi wa Tanzania ameshaifanya kwenye somo la Kiswahili: mofimu, mzizi, viambishi awali, viambishi tamati, mnyambuliko. Anayeweza kulipasua "hatukupikiwa" akatoa ha-, -tu-, -ku-, -pik-, -i-, -w-, -a hana sababu ya kuogopa "irreversible", ambalo lina vipande vinne tu: ir-, re-, vers, -ible. Si, rudi nyuma, geuza, -ika. Yaani kisichogeuzika kurudi kilikotoka.

Hata mabadiliko ya sauti yanafanana. Wengi hukata tamaa wanapoona mzizi unabadilika umbo: "decide" linakuwa "decision", "permit" linakuwa "permission", "describe" linakuwa "description". Lakini sisi tunasema penda, halafu mpenzi. Linda, mlinzi. Jenga, mjenzi. Pika, mpishi. Hakuna anayelalamika kwamba "mpishi" limepoteza "k". Kwa hiyo andika maumbo yote mawili kwenye kadi moja: scrib na script, mit na miss, duc na duct, vid na vis, frang na fract. Ukiandika moja tu, nusu ya maneno yatakupita.

Viambishi awali navyo vina adabu ileile. Kwa nini ni "impossible" na si "inpossible"? Kwa sababu ileile inayotufanya tuseme nyumba nzuri lakini nyumba mbaya: sauti n ikikutana na herufi inayofunga midomo inageuka m. Basi "in-" huwa "im-" mbele ya p, b na m, huwa "il-" mbele ya l, na "ir-" mbele ya r. "Con-" na "syn-" nazo hufuata mkondo huo: "combine", "collect", "correct", "symbol", "syllable".

Mizizi yenyewe baadhi tumeikalia bila kujua. Neno "askofu" lilitufikia kupitia Kiarabu kutoka Kigiriki "episkopos": epi- ni juu, skop- ni kuangalia, hivyo ni mwangalizi. Skop- hiyo ndiyo iliyo kwenye "microscope", "telescope" na "stethoscope", kifaa cha kuchunguzia kifua. "Falsafa" nayo ni "philosophia", upendo wa hekima. Anza na haya unayoyajua, yatashika haraka.

Jinsi ya kuifanya kazi ya mizizi

Karatasi ya A4 ukiikunja mara 3 inatoa vipande 8. Karatasi 5 zinakupa kadi 40, na hizo zinatosha wiki 10, kadi 4 kwa wiki. Usizidishe 6. Upande wa mbele andika mzizi na maumbo yake. Upande wa nyuma andika maana kwa neno moja au mawili ya Kiswahili, kisha maneno matatu uliyoyakuta wewe mwenyewe kwenye vitabu vyako, pamoja na somo na ukurasa. Maneno ya kuchukua mtandaoni ambayo hutakutana nayo darasani ni mzigo wa bure. Chini kabisa acha nafasi ya mtego, tutaufikia.

Anza na viambishi awali kabla ya mizizi, maana vinarudi mara nyingi zaidi. Vinne tu, un-, re-, in- na dis-, vimehesabiwa kuwa zaidi ya nusu ya maneno yote yenye viambishi awali kwenye vitabu vya shule za Marekani. Vikishakukaa, chukua pre-, sub-, inter-, trans-, ex- na con-. Baada ya hapo chagua mizizi kulingana na masomo: wa sayansi aanze na photo (mwanga), hydr (maji), therm (joto), bio (uhai), troph (lishe), haem (damu), derm (ngozi), wa sanaa na uchumi aanze na duc (ongoza), port (beba), dem (watu), crat (utawala), jur (sheria), cred (amini), pon (weka).

Jumamosi fungua kitabu, tafuta maneno 5 ambayo hujawahi kuyaona, yapasue, andika unachokisia, ndipo uangalie kamusi. Usiruke hatua ya kamusi. Kisio bila uhakiki ndiko makosa yanakozaliwa, na makosa yenyewe yana sura zinazojulikana.

Kuna mizizi inayofanana sura lakini ni ya ukoo tofauti. "Ped" ya Kilatini ni mguu: "pedal", "pedestrian". "Paed" ya Kigiriki ni mtoto: "paediatrics". "Pedo" nyingine ya Kigiriki ni udongo: "pedology", elimu ya udongo inayotajwa kwenye Jiografia. Ukipita kwenye korido za hospitali kubwa ukaona kibao cha "Orthopaedics", usidhani ni habari ya miguu. "Ortho" ni nyoofu na "paed" ni mtoto: neno lilitungwa mwaka 1741 na tabibu Mfaransa Nicolas Andry, akizungumzia kunyoosha viungo vya watoto. Leo idara hiyo inatibu mifupa ya watu wa umri wote. Bi- ya Kilatini ni mbili na bio- ya Kigiriki ni uhai. Homo ya Kigiriki ni sawasawa, kama katika "homogeneous", na homo ya Kilatini ni mtu. Troph ni lishe, kama "autotroph". Trop ni kugeuka, kama "phototropism". Herufi moja hiyo, h, ndiyo inayotenganisha mmea unaojilisha na mmea unaougeukia mwanga, na kwenye mtihani wa Baiolojia alama zinapotea hapo.

Mtego wa pili ni kuona kiambishi pasipo kiambishi. "Uncle" haina un-. "Reach" haina re-. "Anticipate" si kupinga, ni kutangulia, kwa kuwa asili yake ni ante-. Jambo hili nalo tunalo nyumbani: "kitabu" lilikuja kutoka Kiarabu likiwa zima, ki- yake haikuwa kiambishi, ila tuliichukulia hivyo tukapata "vitabu". Ukiondoa unachodhani ni kiambishi na kinachobaki hakina maana yoyote, simama.

Mtego wa tatu: maana ya kale si lazima iwe maana ya leo. "Oxygen" kwa vipande vyake ni kizaa asidi, kwa sababu mkemia Mfaransa Lavoisier aliamini kila asidi ina hewa hiyo. Asidi ya hydrochloric haina hata chembe yake. "Malaria" ni hewa mbaya kwa Kiitaliano, na tangu mwaka 1897, Ronald Ross alipokuta vimelea ndani ya mbu, tunajua hewa haina kosa. Mzizi unakupa mlango wa kukumbukia. Fasili ya mtihani inatoka kwenye somo.

Wa nne ndio wa hatari zaidi. Hyper- ni kuzidi, hypo- ni kupungua. Hypoglycaemia ni sukari ya damu kushuka, hyperglycaemia ni kupanda. Mwanafunzi wa uuguzi anayezichanganya kwenye karatasi anapoteza alama. Anayezichanganya wodini anaweza kumdhuru mgonjwa, kwa kuwa tiba ya moja ni kinyume cha tiba ya nyingine. Usijifunze jozi kama hii siku moja. Jifunze hyper-, ipite wiki nzima mpaka ikae, ndipo uje kwenye hypo-. Fanya hivyo kwa inter- (baina ya) na intra- (ndani ya) pia.

Kusoma kwa wingi

Hapa maelezo ni machache kwa sababu sharti ni moja: kitabu kiwe cha kiwango chako. Ili kuelewa bila msaada, unahitaji kujua maneno kama 98 kati ya 100. Hesabu maneno 100 kwenye ukurasa, weka nukta kwa penseli chini ya kila usilolijua. Zikiwa 2 au 3, kisome. Zikizidi 5, kiache hata kama wenzako wanakisifia, rudi maktaba ya mkoa au ya shule uchukue chepesi zaidi. Faida ya njia hii, ambayo mbili nyingine hazina, ni kwamba inakuonesha neno linaandamana na nani: tunasema "heavy rain", si "strong rain", na hakuna mzizi utakaokuambia hivyo. Hasara ni mwendo. Neno la kitaalamu linaweza kujitokeza mara moja tu kwenye vitabu vitatu vya hadithi.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa matunda ya haraka, orodha inashinda: wiki ya kwanza tu una maneno 60. Mizizi inakuchosha wiki tatu za mwanzo kwa sababu unajifunza vipande visivyosemeka peke yake, kisha kuanzia wiki ya 5 hivi, viambishi vinapoanza kukutana na mizizi, unaanza kuyafungua maneno ambayo hukuyasomea.

Kwa tahajia, mizizi haina mpinzani. Anayejua haem ni damu hasahau "ae" kwenye "anaemia" na "haemoglobin", na hatababaishwa na tovuti za Kimarekani zinazoandika "hemoglobin", kwa kuwa shule zetu zinafuata tahajia ya Uingereza. Anayejua hydr, syn na hyper haandiki "i" pahali pa "y".

Kwa matamshi, mizizi haikusaidii sana, na wakati mwingine inapotosha. "Photograph" mkazo uko mwanzoni, "photography" unahamia silabi ya pili, "photographic" unahamia ya tatu. Sisi tuliozoea mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho tunateleza hapo, na dawa ni kusikiliza. Kanuni moja tu ya mizizi inafaa sana: "ch" kwenye neno la Kigiriki husomwa "k", si kama kwenye chai. "Chronic", "chlorophyll", "chromosome". Kiswahili kimeshakuonesha kwa kuandika kromosomu.

Kwa swali lenye neno jipya chumba cha mtihani, orodha haina la kukuambia, kusoma kwa wingi kunakisia, mizizi inakupa ushahidi wa kukisia. Kwa kuongea sokoni Majengo na mgeni, mizizi haina kazi. Gharama zinakaribiana: kauntabuku moja, karatasi, penseli, na kamusi. Ila angalia hili, kamusi nyingi za Kiingereza na Kiswahili hazioneshi asili ya neno, kwa hiyo wa mizizi atahitaji pia ya Kiingereza kwa Kiingereza yenye sehemu ya asili. Shule ikiwa nayo moja, inatosha darasa zima.

Sasa, wewe uchague ipi?

Aliyemaliza darasa la saba anayesubiri kidato cha kwanza: orodha kwa mada, maneno 10 kwa siku, pamoja na un-, re-, in- na dis- tu. Asiguse mizizi mingine hadi muhula wa pili.

Kidato cha tatu na cha nne: gawa muda. Dakika 20 za mizizi wakati wa prepo, siku 4 kwa wiki, na nusu saa ya kusoma mwisho wa wiki. Orodha ibaki kwa maneno ya kawaida yanayokusumbua tu.

Kidato cha tano na sita mchepuo wa sayansi, na wanafunzi wa vyuo vya afya: mizizi ndiyo njia kuu, bila kusita. Hapa kuna jambo moja la kuzingatia: kiungo kimoja mara nyingi kina majina mawili. Figo ni nephr kwa Kigiriki na ren kwa Kilatini, hivyo "nephritis" lakini "renal failure". Mapafu ni pneumon na pulmon. Ngozi ni derm na cut, "dermatitis" na "subcutaneous". Yaweke yote mawili kwenye kadi moja. Na viambishi tamati vitatu vya upasuaji viandikwe kwa wino tofauti: -otomy ni kukata, -ectomy ni kukata na kuondoa, -ostomy ni kufungua tundu.

Mwanachuo wa sheria, mipango au biashara: mizizi ya Kilatini zaidi ya Kigiriki, sambamba na orodha ya maneno ya kitaaluma aliyoitoa Averil Coxhead mwaka 2000, yenye familia 570 za maneno. Usiyakariri kwa mfuatano wake. Yapange upya kwa mizizi, uone jinsi "consist", "persist" na "assist" zinavyokaa kadi moja.

Mtumishi wa ofisini anayetaka kuandika barua na taarifa kwa Kiingereza kilichonyooka: kusoma kwa wingi kwanza, taarifa za aina anayotakiwa kuandika. Shida yake mara nyingi si neno kubwa, ni kutojua "discuss" haichukui "about". Mizizi 20 itamtosha, ikiwemo mit na miss, ili "submit" na "submission" zisimchanganye, na ced na cess, ambazo zitamwonesha kwa nini ni "proceed" lakini "procedure", yenye "e" moja tu katikati.